Kipimo cha AFP na saratani ya ini: namna ya kupima, kusoma na kufuatilia namba

Karatasi ya majibu imeandikwa AFP 86 ng/mL, pembeni kuna herufi H ya kuonyesha kwamba kimezidi. Anayeiona anaweza kuamini papo hapo kwamba ana saratani ya ini. Mwingine kaandikiwa 7, akarudi nyumbani moyo umetulia. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Namba moja ya AFP, ikiwa peke yake, haithibitishi saratani wala haiifuti. Kinachosema ni mwenendo wa namba hiyo kwa wiki na miezi, ukisomwa pamoja na hali ya ini na picha iliyopigwa vizuri.

AFP ni kifupi cha alfa-fetoprotini, protini inayotengenezwa na ini la mtoto akiwa bado tumboni. Baada ya kuzaliwa ini huiacha kazi hiyo taratibu, na mtoto akikaribia mwaka mmoja kiwango huwa kimeshuka hadi cha mtu mzima, ambacho kwa maabara nyingi ni chini ya 10 ng/mL, yaani nanogramu kumi kwa kila mililita. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake mjini Moscow waliikuta protini hii kwa panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa wagonjwa wa saratani ya ini. Seli za saratani huiwasha upya jeni ambayo ini lililokomaa lilishaizima. Tatizo ni kwamba seli za ini zinazojijenga upya baada ya kuumizwa na virusi au pombe nazo huiwasha kidogo. Mkanganyiko mwingi wa kipimo hiki unaanzia hapo.

Maelezo haya yanahusu saratani inayoanzia kwenye seli za ini lenyewe, ile madaktari wanayoiita hepatoma au HCC. Saratani iliyotoka kwenye utumbo, titi au kongosho ikahamia kwenye ini ni ugonjwa mwingine, na kwa kawaida AFP haiwi na la kusema juu yake.

Nani apimwe, na kila baada ya muda gani

Wanaostahili kufuatiliwa kwa ratiba ni watu wenye makovu ya ini (sirosisi), yawe yametokana na virusi vya homa ya ini B au C, pombe, mafuta kwenye ini au sababu nyingine. Wapo pia wenye virusi vya homa ya ini B ambao ini lao halijapata makovu. Kwetu Afrika Mashariki kundi hili la pili ni zito sana. Wengi huambukizwa virusi B utotoni, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga zilizoota ukungu huongeza hatari mara nyingi zaidi kwa mtu ambaye tayari ana virusi hivyo. Ndiyo maana hapa saratani ya ini huwapata watu wenye umri wa miaka thelathini au arobaini, wenye nguvu zao, na baadhi yao hawana sirosisi kabisa. Kwa waliozaliwa Afrika, ipo miongozo ya wataalamu iliyoshauri ufuatiliaji uanze tangu miaka 20. Mwenye virusi B ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua saratani ya ini asisubiri umri wowote.

Ratiba ni altrasaundi ya ini pamoja na AFP kila baada ya miezi 6. Muda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha: vinundu vingi vya saratani hii huchukua takribani miezi 4 hadi 6 kuongezeka mara mbili kwa ujazo. Ukipima kila mwaka, kinundu cha sentimita 2 kinaweza kukukwepa mpaka kiwe kikubwa mno kwa upasuaji. Kwa mwenye sirosisi, altrasaundi peke yake hugundua saratani ikiwa bado ya mwanzo kwa takribani asilimia 45. Ikiongezewa AFP hufikia asilimia 63 hivi. Mwenye uwezo wa kulipia kimoja tu aanze na altrasaundi, lakini viwili kwa pamoja ndiyo sahihi.

Asiye na virusi, asiye na makovu, asiye na dalili, hana sababu ya kupima AFP. Siku hizi kipimo hiki huingizwa kwenye vifurushi vya "kupima mwili mzima" na watu hulipia hofu. Chukua watu 1,000 wasio na saratani: hata kipimo kikiwa sahihi kwa 95 kati ya kila 100, watu 50 wataambiwa namba yao imepanda, wataanza kuzunguka hospitali, watauza mbuzi kulipia siti skani, na hakuna kitakachoonekana.

Kuchukua damu

Huhitaji kufunga kula kwa ajili ya AFP. Funga kwa ajili ya altrasaundi, saa 6 hadi 8, kama vyote vinafanyika siku moja. Mililita 3 hadi 5 za damu ya mshipa zinatosha, kwenye chupa ya kofia nyekundu au ya njano. Damu iachwe igande kwa takribani nusu saa, izungushwe kwenye mashine, na seramu, yaani maji ya damu yanayobaki juu, itenganishwe. Ikipelekwa maabara ya mbali isafiri kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, ikiwa seramu iliyokwisha kutengwa.

Kabla ya sindano, mwambie mhudumu mambo haya:

Kama una ujauzito au huenda unao. AFP ya mtoto huingia kwenye damu ya mama na inaweza kufika mamia bila ugonjwa wowote.

Kama unatumia vidonge vya nywele, ngozi na kucha. Vingi vina bayotini kwa miligramu 5 au 10, na mashine nyingi za maabara hutumia bayotini hiyohiyo kukamata protini inayopimwa. Bayotini ikijaa kwenye damu, AFP husomeka chini kuliko ilivyo. Acha vidonge siku mbili au tatu kabla ya kupima.

Kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au ulichomwa sindano ya vitamini K hivi karibuni. Hii haigusi AFP, ila huharibu kipimo kingine tutakachokieleza, PIVKA-II.

Kama unatumia dawa za homa ya ini B, na hasa kama uliziacha. Taja tarehe.

Kisha andika jina la maabara na, ukiweza, aina ya mashine. Mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile, na vipimo vya kufuatiliana vina maana pale tu vinapofanyika sehemu moja. Angalia pia kizio. Baadhi ya maabara huandika IU/mL badala ya ng/mL, na IU moja ni sawa na takribani ng 1.21. Mtu aliyepata 100 IU/mL mwezi wa tatu, kisha 121 ng/mL mwezi wa tisa kwenye maabara nyingine, hajapanda hata kidogo.

Upo mtego mmoja ambao madaktari wa wilayani wanapaswa kuukumbuka. Uvimbe ukiwa mkubwa sana na AFP ikiwa ya laki kadhaa au zaidi, kipimo kinaweza kuzidiwa na protini hiyo na kutoa namba ndogo ya uongo. Ukiwa na ini lililojaa uvimbe, mgonjwa amekonda, halafu karatasi inasema 30, usiikubali. Piga simu maabara, waombe waichanganye seramu ileile na kimiminika cha kupunguzia mara 10, kisha mara 100, wapime tena. Namba ikizidishwa na kuwa kubwa ghafla, umepata jibu la kweli.

Kusoma namba

Chini ya 10: kawaida. Lakini takribani watu wanne kati ya kumi wenye saratani ya ini wana AFP isiyofika 20, na saratani ikiwa ndogo idadi hiyo ni kubwa zaidi. Ipo hata aina moja inayowapata vijana wasio na sirosisi, iitwayo fibrolamela, ambayo kwa kawaida haipandishi AFP. Kwa hiyo mwenye kinundu kwenye altrasaundi hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu "damu ni safi".

Kati ya 10 na 20 ni eneo la kusubiri. Rudia baada ya miezi 3.

Kuanzia 20 kwa mtu aliye kwenye ufuatiliaji, au kinundu cha sentimita 1 na zaidi kwenye altrasaundi bila kujali AFP, ni tiketi ya kwenda kwenye picha ya siti skani au MRI yenye dawa ya kung'arisha. Kinundu kilicho chini ya sentimita 1 hurudiwa altrasaundi baada ya miezi 3, kwa sababu udogo wake hauruhusu siti skani kutoa hukumu.

Kati ya 20 na 400 ndiko watu wanakopotea, na hapa panataka utulivu. Tazama ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, kwenye karatasi hiyohiyo. ALT ikiwa imepanda mara kadhaa, yaani virusi vimeamka na ini linaungua, AFP hupanda pamoja nayo na inaweza kufika mamia. Mgonjwa wa virusi B akianza dawa za kuvizuia, tenofoviri au entekaviri, ALT hushuka na AFP ya uongo huifuata. Rudia AFP baada ya wiki 4 hadi 8. Zikishuka zote mbili, lilikuwa ini linalojikarabati. ALT ikishuka huku AFP ikibaki juu au ikipanda, uvimbe unatafutwa kwa nguvu zote. Kusubiri huku hakuahirishi picha. Picha ipigwe mapema, AFP ya pili ije kukamilisha maelezo.

Mfano: vipimo vitatu vya 24, 25 na 23 ndani ya mwaka mmoja, kwa mtu mwenye sirosisi na picha isiyo na kinundu, vinatisha kidogo tu. Vipimo vya 6, 11 na 19 vinatisha zaidi, ingawa hakuna hata kimoja kilichovuka 20. Kwa hiyo tunza karatasi zote kwenye bahasha moja, zenye tarehe.

Juu ya 400, kwa mtu mwenye virusi B au sirosisi na uvimbe unaoonekana kwenye ini, saratani ndiyo jibu la kwanza kichwani. Hata hivyo, hakikisha hujaruka korodani kwa mwanaume kijana na ovari kwa msichana, kwa sababu uvimbe wa seli za uzazi nao hutoa AFP kwa maelfu, na unatibika vizuri sana kwa dawa tofauti kabisa. Kumkosa kijana wa miaka 22 kwa sababu hakuna aliyempapasa korodani ni kosa lisilo na udhuru. Kwa mtoto mdogo mwenye uvimbe wa ini, AFP ya juu sana huelekeza kwenye hepatoblastoma, saratani ya ini ya watoto, nayo isomwe kwa viwango vya umri wake, maana mtoto mchanga mwenye afya huwa na makumi ya maelfu.

Kutoka damu kwenda kwenye picha

Saratani hii ni miongoni mwa chache zinazoweza kuthibitishwa kwa picha bila kukata kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara), lakini kwa mtu mwenye sirosisi au virusi B vya muda mrefu tu, na picha ikipigwa kwa utaratibu wake. Ini la kawaida hupata sehemu kubwa ya damu kutoka mshipa wa lango unaotoka kwenye utumbo. Uvimbe huu hunywa damu ya ateri. Dawa ya kung'arisha ikichomwa, uvimbe hung'aa mapema, sekunde kama 35 baadaye, wakati ini bado limefifia. Dakika kadhaa baadaye ini limeng'aa na uvimbe umefifia. Kung'aa huko kukifuatwa na kufifia ndiyo saini ya ugonjwa.

Kwa hiyo fomu ya daktari iandikwe wazi: siti skani ya ini yenye awamu ya ateri, ya mshipa wa lango na ya kuchelewa. Siti skani ya tumbo ya kawaida, yenye awamu moja, mara nyingi hula fedha ya mgonjwa kisha ripoti inaandika "kuna uvimbe, shauri kupiga tena". Pima kreatinini kwanza, kwa usalama wa figo.

Kinyama huhitajika pale picha isipotoa saini hiyo, au mgonjwa asipokuwa na sirosisi wala virusi. Kabla ya sindano, chembe sahani za kugandisha damu ziwe zaidi ya 50,000 na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, iwe chini ya 1.5. Na kama uvimbe unaonekana unaweza kukatwa, daktari wa upasuaji aulizwe kwanza: kati ya wagonjwa 100 wanaochomwa sindano ya kinyama, takribani 3 hupata saratani kwenye njia ya sindano. Vipo viwili vinavyofanana na uvimbe kwa jicho la haraka, navyo vipo sana huku kwetu. Jipu la amiba huja na homa na maumivu makali ya upande wa kulia, na AFP ni ya kawaida. Uvimbe wa maji wa haidatidi, unaojulikana kwa wafugaji kama Waturkana na Wamasai, usichomwe sindano ovyo, kwani ukipasuka unaweza kumuua mtu kwa mshtuko wa mzio.

Alama nyingine kwenye karatasi

PIVKA-II, ambayo maabara nyingine huiita DCP, ni protrombini, protini ya kugandisha damu, iliyotoka kiwandani, yaani kwenye ini, bila kukamilika. Kikomo cha kawaida ni 40 mAU/mL. Uzuri wake ni kwamba humkamata mgonjwa ambaye AFP yake imelala, na ikiwa juu sana huashiria kwamba uvimbe huenda umeingia kwenye mishipa. Ubaya ni kwamba hupanda pia kwa anayetumia warfarini, kwa mwenye macho ya manjano kwa sababu njia ya nyongo imeziba, na kwa aliyekosa vitamini K. Sindano ya vitamini K inaweza kuishusha kwa siku chache.

AFP-L3 ni sehemu ya AFP inayoshikwa na protini ya dengu, naam, dengu hizihizi za mchuzi. AFP ya saratani ina sukari ya ziada inayoshikana na protini hiyo. Ikizidi asilimia 10 ya AFP yote, shaka huongezeka, na msaada wake mkubwa ni kwa wale wa eneo la 20 hadi 400. Kuna hesabu iitwayo GALAD inayochanganya jinsia, umri, AFP-L3, AFP na DCP kupata alama moja. Ni nzuri, ila maabara zinazotoa vyote vitatu ni chache. Usikope fedha kuvitafuta kabla ya kulipia siti skani ya awamu tatu.

CA 19-9, alama nyingine ya damu, haifuatilii hepatoma. Hutumika kwa saratani ya njia za nyongo, na nyongo ikiziba tu kwa jiwe hupanda. Wapo watu ambao kwa kurithi hawaitengenezi kabisa. CEA, nayo alama ya damu, huulizwa pale madaktari wanaposhuku saratani iliyotoka utumbo mpana.

Namba wakati wa matibabu

Pima AFP ndani ya wiki moja au mbili kabla ya matibabu yoyote. Bila namba hiyo ya mwanzo, zote zitakazofuata zitaelea hewani.

Baada ya upasuaji ulioondoa uvimbe wote, AFP hupungua nusu kila siku 5 hadi 7. Fanya hesabu kwa siku 6: aliyeanza na 1,600 awe na 800 siku ya 6, 400 siku ya 12, 100 siku ya 24, na karibu 12 siku ya 42. Kwa hiyo kipimo cha kwanza chenye maana ni cha wiki ya 4 hadi ya 6. Kupima siku ya tatu ni kujitia wasiwasi bure. Namba ikikwama 150 wakati hesabu inataka 12, kuna uvimbe uliobaki mahali, ndani ya ini au nje yake. Kisha AFP na picha kila miezi 3 kwa miaka miwili ya kwanza, halafu kila miezi 6. Ratiba hii isilegezwe: baada ya kukata, saratani hurudi kwa takribani watu 70 kati ya 100 ndani ya miaka mitano, na ikikamatwa ndogo bado kuna la kufanya.

Kwa uvimbe uliochomwa kwa joto au uliozibiwa ateri yake kwa dawa, namba inaweza kuruka juu siku chache za kwanza seli zinapokufa na kumwaga kilichomo. Subiri wiki 4 hadi 6, pima pamoja na siti skani. Kushuka kwa nusu au zaidi ni dalili njema.

Kwa wanaotumia dawa za mwili mzima, kama sorafenibu au mchanganyiko wa atezolizumabu na bevasizumabu, pima kila unapopiga picha, wiki 8 hadi 12. Dawa isisitishwe kwa AFP peke yake. Kwa dawa moja namba hii ni mlango wa kuingilia: ramusirumabu, kwa waliokwisha kutumia sorafenibu, hutolewa kwa wenye AFP ya 400 au zaidi, kwa sababu utafiti haukuonyesha faida kwa wengine. Kwa upandikizaji wa ini nchini Marekani, AFP iliyozidi 1,000 humfungia mgonjwa mlango mpaka matibabu mengine yaishushe chini ya 500.

Wakati wote huo, mwenye virusi B asiache tenofoviri au entekaviri hata wiki moja. Virusi vikiamka, ini huumia, AFP hupanda, na hakuna atakayejua kama saratani imerudi au la.

AFP imepanda, picha haina kitu

Hali hii ni ya kawaida na inahitaji mpangilio. Rudia kipimo kwenye maabara ileile baada ya wiki 2 hadi 4 pamoja na ALT, na kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa ongeza kipimo cha ujauzito. Ikiwa bado inapanda, omba siti skani iliyopita isomwe upya na mtaalamu wa picha za ini, kwa sababu uvimbe uliosambaa kama ukungu bila kuunda kinundu hupita machoni kwa urahisi. Tafuta hasa kama mshipa wa lango umeziba. Kisha MRI yenye dawa, ambayo huona vinundu vidogo kuliko siti skani. Halafu toka nje ya ini: siti skani ya kifua, altrasaundi ya korodani au ovari, kamera ya tumbo kwa sababu ipo saratani ya tumbo inayotoa AFP, na kwa aliyewahi kutibiwa, mifupa na tezi za juu ya figo. Pasipopatikana kitu na namba inaendelea kupanda, picha hurudiwa kila baada ya miezi 3, na karatasi zote za nyuma zibebwe kwenda nazo.